Folda ya Mengineyo

Nchi ninayotaka kuwasimulia ina serikali nzuri sana. Nalisema hili mwanzoni kabisa, tena kwa sauti, ili yeyote anayesoma kwa niaba ya wengine alinakili na kwenda zake. Jina la nchi silitaji. Wenyewe wanajijua, na mimi nina watoto wanaosoma.

Katika nchi hiyo, Wizara ya Afya ilikuwa na mfumo wa barua pepe wa kizamani. Ulikuwa mfumo wa aibu. Mtu akiandika barua kutoka mkoani, ilifika. Aliyeandikiwa akiifungua, ilifunguka. Ukitafuta neno "dripu", zilitokea barua zinazohusu dripu. Hakukuwa na ufundi wowote wa kujivunia, na wageni kutoka nje walipouliza mfumo ule unafanya nini, wenyeji waliinamisha vichwa, maana ulifanya kazi tu.

Siku moja Waziri, Mheshimiwa Dakta Balozi Kanali Mstaafu Nasibu Tindwa, alijitafuta. Alikuwa amemaliza chai na hakuwa na la kufanya, akaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia. Barua ya kwanza kutokea ilikuwa ya dereva wa gari la wagonjwa, aliyeomba tairi na kumtaja Waziri kwa heshima zote kwenye mstari wa mwisho. Barua ya Waziri mwenyewe ilikuwa chini yake.

"Nani huyu amekaa juu yangu?" aliuliza Waziri.

"Ni dereva, Mheshimiwa," alijibu Katibu Mkuu. "Anaomba tairi."

"Kwa hiyo dereva ananitangulia? Ndani ya wizara yangu? Kwenye kompyuta yangu?"

Tairi halikupatikana. Mfumo mpya ulipatikana.

*

Mfumo uliitwa Heshima. Ulizinduliwa uwanjani, kwa mahema, tarumbeta, na fulana zenye picha ya Waziri akitabasamu, kipanya mkononi.

Ili msinipotee, niwaeleze desturi ya huko. Mtu hafungui kinywa hadharani kabla hajawataja wakubwa wote waliopo, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao, kuanzia juu. Akimaliza husema itifaki imezingatiwa, kisha huwataja tena kwa kuhofia kwamba kuna aliyekuwa amesinzia. Na kila mkutano una ajenda, na ajenda ya mwisho huitwa Mengineyo. Humo ndimo huwekwa shida za watu wadogo. Mkutano ukifika hapo, mwenyekiti hutazama saa, husema muda umetubana, na watu huenda kula. Mafundi waliambiwa waingize desturi hiyo kwenye kompyuta kama ilivyo. Ni vijana watiifu, waliiingiza.

"Kuanzia leo," Waziri alinguruma, "barua haitaingia tu kama mbuzi anavyoingia shambani! Kila barua itaketi panapostahili cheo cha aliyeianzisha. Za Rais, Folda ya Kwanza. Za mawaziri, Folda ya Waheshimiwa. Za wakurugenzi, Folda ya Wakurugenzi. Na za hawa wengine..." Aliwatafuta hao wengine kwa macho. Walikuwa nje ya hema, juani. "Za hawa wengine, Mengineyo. Mkubwa hatalazimika tena kuiona folda hiyo. Tumemfungia, kwa ajili ya heshima yake. Wala mdogo hataweza kufungua maneno ya mkubwa. Tumemfungia naye, kwa ajili ya adabu yake!"

Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nasikia hata waliokuwa juani walipiga. Hilo huwa linaniudhi kuliko hotuba yenyewe.

*

Sasa twende Kilangali, ambako hakuna hema.

Hospitali ya Kilangali ina wodi ya watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya siku zao, na mkuu wa wodi hiyo ni muuguzi anayeitwa Sista Gaudensia. Ni mwanamke mnene, mkali, mwenye mikono laini. Wodi yake ilikuwa na mashine moja ya oksijeni iliyokuwa ikikohoa kuliko wagonjwa. Na kando ya mashine hiyo alilala mtoto wa mama aitwaye Tunu. Jina bado hakuwa nalo. Uzito wake haukufika mfuko wa sukari wa kilo, na mapafu yake yalikuwa hayajajifunza kazi. Akipata oksijeni, anakuwa wa rangi ya watoto. Akikosa, anakuwa wa buluu. Hiyo ndiyo hadithi yote, wapenzi wasomaji, mengine yote nitakayosema ni upuuzi wa watu wazima.

Sista Gaudensia aliandika barua pepe kwa Mkurugenzi wa Vifaa wizarani, Dakta Lukelo Mapinda, akaomba mashine mpya. Na Mkurugenzi, tumpe haki yake, alijibu. "Imeidhinishwa. Bohari itoe mashine moja." Alijibu alasiri. Kesho yake asubuhi Heshima ikazinduliwa, na barua zote za wizara zikahamishiwa kwenye mfumo mpya.

Sista alipanda gari la wagonjwa, lile la tairi bovu, akaenda mjini kuchukua mashine. Mtunza bohari, Ndugu Hezroni, alimpokea kwa furaha na kumwonyesha boksi. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa wino mzito: KILANGALI.

"Nimeshaifunga, sista. Nimeandika na jina. Nionyeshe barua ya idhini, upakie uende zako."

"Barua si iko kwenye kompyuta yako? Jana umeisoma mwenyewe ukanipigia simu."

"Nimeisoma, sikatai. Lakini leo haipo."

"Si unaikumbuka?"

"Naikumbuka sana. Ila siwezi kutoa mali ya serikali kwa kukumbuka, mama. Wakaguzi wakija hawafungui kichwa changu."

Sista alikwenda kwa Mkurugenzi. Dakta Mapinda naye aliikumbuka barua, tena kwa mapenzi, kama mtu anayemkumbuka mwanafunzi mwenzake.

"Niliiandika kwa vidole vyangu hivi, sista."

"Basi iandike tena, daktari. Ni maneno machache tu. Nina mtoto kule anapumulia mashine mbovu."

"Pole sana. Lakini nikiidhinisha tena, nitakuwa nimeidhinisha mashine mbili. Mkaguzi atakuta moja. Atauliza ya pili nimeila mimi?"

"Andika kwamba ni ile ile."

"Ile ile ipi? Lazima niitaje kwa kumbukumbu namba ya barua. Namba iko kwenye barua. Barua iko wapi?" Alifungua mikono, akaionyesha mitupu. "Katafute. Huu mfumo mpya unatafuta kisasa."

*

Walimketisha kwenye kompyuta ya katibu muhtasi. Sista aliandika "oksijeni", akabonyeza.

Kwanza zilitokea salamu za mwaka mpya za Rais, kwa kuwa hakuna kutafuta kunakoanza bila salamu. Kisha zikafuata hotuba. Rais wetu ndiye oksijeni ya taifa hili, alikuwa amesema Waziri. Uwekezaji ni oksijeni ya uchumi, alikuwa amesema Naibu Waziri. Umoja ni oksijeni, mshikamano ni oksijeni, uchaguzi wa amani ni oksijeni. Ukurasa baada ya ukurasa, wakubwa walikuwa wamejaa oksijeni mpaka kooni. Mwisho kabisa yakatokea maneno haya: "Kwa kuwa muda umetubana, Mengineyo yatatafutwa wakati mwingine. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

Aliandika "Kilangali". Ilitokea ziara ya Waziri huko Kilangali, akicheza ngoma. Aliandika "mtoto". Alitokea Rais, amebeba mtoto mnono wa mtu mwingine. Mtoto wa Tunu hakuwemo.

Akaitwa mtaalamu wa mfumo, Ndugu Pontiano, aliyekuja na visikizio shingoni na kiti chake mwenyewe.

"Umezima ukawasha?" aliuliza.

Walizima, wakawasha. Walitoka kwenye mfumo, wakaingia tena. Walibadilisha nywila. Folda zikabadilika rangi, jambo ambalo Pontiano alilisifu kama dalili njema. Kisha akasema tatizo ni faharasa, ile orodha inayouwezesha mfumo kujua kila neno liko wapi, na kwamba inabidi ijengwe upya. Ilianza kujengwa, kutoka juu, kwa Folda ya Kwanza. Lakini kila mkubwa alipotuma barua mpya, faharasa ilirudi mwanzo ili isionekane imempita. Na wakubwa siku hiyo walikuwa wakitumiana barua bila kupumzika, wakipongezana kwa kupata mfumo mpya.

Simu ya Sista ililia. Alikuwa Salome, muuguzi aliyemwachia wodi.

"Sista, mashine inazima na kuwaka. Ikizima tunampulizia kwa ule mfuko wa hewa wa kubana kwa mkono. Unakuja lini?"

"Nakuja, mwanangu. Mashine nimeiona. Ina jina letu."

Pontiano alikuwa akisoma kitu kwenye skrini, na uso wake ulianza kung'aa.

"Nimeelewa!" alisema. "Barua uliianzisha wewe, sista, kwa hiyo pamoja na jibu lake imeingia Mengineyo. Mkurugenzi hawezi kuingia humo, cheo chake kinamzuia. Sisi tunaoweza kuingia hatuwezi kuifungua, maana ndani yake kuna maneno ya Mkurugenzi."

"Kwa hiyo nani anaweza kuifungua?"

"Hakuna," alisema Pontiano kwa fahari. "Iko salama kabisa."

Mimi ni mtu mpole. Lakini nimemsikia Sista akisimulia sehemu hii, na kila akifika hapo, ile "iko salama kabisa", naona giza.

"Kuna njia mbili," Pontiano aliendelea. "Mkurugenzi ashushwe cheo, aweze kuingia Mengineyo. Au wewe upandishwe, barua ipande nawe."

"Nipandisheni basi! Niiteni hata malkia! Mtoto anakufa!"

Jambo hilo, kwa kuwa lilihusu vyeo, lilichukuliwa kwa uzito mkubwa. Iliundwa kamati siku hiyo hiyo, na nisiwe mchoyo wa sifa, ilikutana siku hiyo hiyo. Sista aliketi kwenye benchi nje ya mlango, mkoba mapajani, akisikiliza. Alisikia sala. Alisikia wajumbe wakitajana. Alisikia kumbukumbu za kikao kilichopita, ambacho hakikuwepo, zikithibitishwa. Alisikia mjadala mrefu kuhusu rangi ya folda. Halafu akasikia viti vikisogezwa, na wajumbe wakatoka wakijipangusa midomo.

"Na suala la Kilangali?" aliwauliza.

"Lilikuwa kwenye Mengineyo, mama," alisema mwenyekiti kwa upole. "Muda ukatubana."

Simu ililia tena. Salome alikuwa analia.

"Imekufa, sista. Mashine imekufa kabisa, haiwaki. Tunapuliza kwa mkono kwa zamu. Tunu anapuliza, mimi napuliza, mama wa kitanda cha dirishani anapuliza. Mikono imetuuma, sista. Tukiacha kidogo tu anageuka buluu."

"Msiache," alisema Sista Gaudensia. "Salome, unanisikia? Msiache."

Akakata simu, akashuka ngazi.

*

Uwanjani wizara ilikuwa ikisherehekea. Kulikuwa na ngoma ya kuupongeza mfumo, na mahudhurio yalikuwa ya lazima: kila mtumishi aliitwa jina, na asiyekuwepo alionekana ana jambo lake moyoni dhidi ya maendeleo. Ndugu Hezroni naye alikuwa huko, anakata kiuno kwa masikitiko. Bohari alikuwa ameiegesha mlango tu.

Sista aliingia. Boksi la KILANGALI lilikuwa pale pale. Alilipakia kwenye kitoroli, akatoka nalo. Kwenye nguzo ya hema palikuwa pamebaki utepe mwekundu wa uzinduzi. Aliuvuta, akaufunga kwenye boksi, akatengeneza ua zuri juu, maana mikono yake ni laini, nilikwambieni. Kisha akasukuma kitoroli kuelekea getini, kifua mbele, uso wa mtu mwenye ratiba.

Mlinzi wa geti alisimama wima, akapiga saluti. Katika nchi ile kitu chenye utepe hakikaguliwi. Mkoba wa mfagiaji hupekuliwa mpaka mshono, ila kitu chenye utepe ni cha mkubwa fulani, na mkubwa huyo haulizwi.

Nje alikuwa akingoja Mkude, dereva wa gari la wagonjwa.

"Wamekupa, sista?"

"Washa gari," alisema Sista.

Mkude alilikimbiza gari lile kwa tairi lile lile bovu ambalo Waziri alikataa kulibadilisha, na Mungu tu ndiye anayejua kwa nini halikupasuka. Walipoingia wodini, Tunu ndiye aliyekuwa kwenye zamu. Alikuwa amepiga magoti, mfuko mkononi, anabana na kuachia, anabana na kuachia, na machozi alikuwa ameyaacha yatiririke kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafutia. Walifungua boksi kwa chini, wakachomeka mashine, ikanguruma. Mtoto alirudia rangi yake kidogo kidogo, akianzia midomoni. Tunu aliachia mfuko, na vidole vyake vikakataa kukunjuka.

*

Sijui kama mngependa niishie hapo. Mimi ningependa. Lakini serikali ile ni nzuri sana, haiachi jambo jema lipite bila yenyewe kuwepo.

Habari zilipofika wizarani kwamba Kilangali ina mashine mpya inayofanya kazi, Waziri alikuja mwenyewe na msafara, wapiga picha na tarumbeta. Alikuja kukabidhi. Aliingia wodini na viatu vyake, akaitazama mashine.

"Hii haijakabidhiwa rasmi," alisema. "Izimeni. Itoeni nje, iwekwe juu ya meza, ifungwe utepe niukate. Dakika chache tu, mtairudisha."

"Mheshimiwa," alisema Sista Gaudensia, "huyu mtoto anapumulia hiyo."

"Sista, nchi nzima inangoja picha hii."

Msaidizi wake mmoja aliusogelea waya ukutani. Ndipo Tunu aliponyanyuka kitandani. Tunu ni mwanamke mwembamba, mkulima wa mihogo, na tangu alazwe pale alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na ahsante. Alisimama mbele ya ule waya.

"Gusa," alimwambia yule msaidizi. "Hebu gusa uone."

Msaidizi aliitazama mikono ya Tunu, ile iliyopuliza uhai, akaona ina nguvu za kufanya na mengine. Akarudi nyuma. Waziri alirudi nyuma. Kina mama wote wa wodi walikuwa wamesimama sasa, na hakuna aliyepiga makofi.

Wakatoka nje. Makabidhiano yalifanyika uani: Waziri alikata utepe mwekundu uliokuwa bado kwenye boksi, akahutubia kuhusu oksijeni ya maendeleo, akalikabidhi boksi kwa Mkuu wa Mkoa. Lilikuwa tupu. Mkuu wa Mkoa alilipokea kwa kuinama, kama zito.

Baada ya picha ya pamoja, polisi wa msafara walimkamata Sista Gaudensia kwa kuiba mashine ya oksijeni, mali ya serikali, kutoka bohari kuu. Ndiyo, hiyo hiyo iliyokabidhiwa muda mfupi uliopita. Mnataka niwaeleze inawezekanaje? Sijui! Nimechoka kujifanya nachekeshwa. Mashine ilikuwa na jina lao. Mkubwa aliidhinisha, mdogo aliifunga, kila mtu aliikumbuka barua, na mwanamke aliyefanya lile ambalo wizara nzima ilishindwa kulifanya alipelekwa mahabusu kwenye gari lenye tairi jipya. Aliambiwa ataachiwa idhini ikipatikana. Idhini ilikuwa Mengineyo, salama kabisa.

*

Mtoto wa Tunu alikua. Alifika uzito wa kuruhusiwa, akafungwa mgongoni kwa mama yake, akatoka wodini. Tunu hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi, na kina mama wa Kilangali wakamfuata nyuma. Ofisa wa zamu alikuwa kaunta, na mbele yake kompyuta mpya ikimpa salamu za Rais.

"Shikamoo, afande," alisema Tunu.

"Marahaba. Una shida gani, mama?"

"Nimekuja kumchukua Sista Gaudensia."

"Hatoki mpaka ipatikane barua ya idhini. Tunaitafuta. Mfumo unasumbua kidogo."

Tunu alifungua khanga, akamtoa mtoto mgongoni, akamlaza juu ya kaunta, katikati ya kalamu na vitabu, mbele ya macho ya yule afande.

"Idhini hii hapa," alisema. "Inapumua. Soma."

Ofisa alimtazama mtoto. Alitazama kompyuta. Alifungua kinywa, na ninaona haya kulisema, aliuliza kama ina muhuri.

Ndipo mtoto alipolia. Hakulia kile kilio chembamba cha wodini. Alilia kwa mapafu yote, kilio kilichojaa kituo, kikapita kaunta, kikapita ukumbi, kikafika mahabusu kule nyuma. Askari waliacha kuandika. Na kutoka nyuma ya nondo ikasikika sauti ya Sista Gaudensia, kali kama siku zote.

"Tunu! Ni yeye huyo anayelia?"

"Ni yeye, sista!"

Tunu alimwinamia mtoto, akanyoosha mikono amchukue.

"Usimbembeleze," alisema Sista. "Mwache alie."